Lugha Tatu Zilizokosekana Kwenye Fishi

Fishi yenyewe, fomu ya shule, ilikuwa nusu karatasi. Binti yangu aliileta kutoka shuleni Jumatatu mchana, akaiweka juu ya gunia la maharagwe niliyokuwa nikiyachambua, akachukua bidoni yake akaenda robine kuchota maji. Iliuliza mambo manne tu: jina la mwanafunzi, kalasi, sahihi ya mzazi, na katikati, mahali penye nafasi kubwa kuliko pote, lugha anazosema. Kwa hizo lugha walikuwa wameacha mistari sita. Niliihesabu mara mbili. Mtu akikupa nafasi kubwa kuliko unayohitaji, kuna kitu anakitafuta kwako.

Nikaandika Kifaransa. Nikaandika Kiswahili. Ile mistari minne iliyobaki nikaipiga mkato wa kuvuka, asije mtu akaongeza neno nyuma yangu. Nikatia sahihi, nikaikunja mara mbili, na kesho yake asubuhi binti yangu akaipeleka bila kuifungua. Aliniamini. Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, mwaka wa mwisho, na mimi bado nilikuwa mama yake.

Sitasema kwamba nilifikiri, maana sikufikiri. Mtu wa Goma wa umri wangu akiulizwa lugha na karatasi, mkono wenyewe ndio unaojibu. Nimeulizwa na watu wa kofia za rangi tofauti, katika vita ambavyo siku hizi nachanganya vipi vilitangulia vipi. Mwaka mmoja alishuka bwana mwenye daftari kwenye avenue yetu pale Katoyi. Alikuwa na kalamu mbili na adabu nyingi, na adabu ndiyo iliyotutisha. Nyumba kwa nyumba aliuliza wanaolala humu ni wangapi, na wanasema lugha gani. Kila mlango ulijibu Kiswahili, hata milango ambayo nyuma yake alikaa bibi asiyejua neno hata moja la Kiswahili. Bibi hao tuliwaambia wanyamaze, na bwana akiwaelekea tulisema, "Huyu hasikii." Alipofika mwisho wa avenue alikuwa ameandika viziwi watano. Najua idadi kwa sababu watatu walikuwa wa upande wetu na wawili wa upande wa pili. Hakuuliza ugonjwa gani ulikuwa umepita pale. Alifunga daftari, akashukuru, akaondoka, nasi hatukulala vizuri kwa muda mrefu.

Lugha kwetu ilikuwa hivyo. Kwenye bariere moja ya askari ilikupitisha, kwenye bariere inayofuata lugha ile ile ilikushusha garini. Mfanyabiashara mwenye akili haoneshi mzigo wote kabla hajajua mnunuzi ni nani.

Alhamisi binti yangu akarudi, hakuvua hata mkoba.

"Mama, umenipunguza."

"Nimekupunguza nini?"

"Tatu." Akahesabu kwa vidole, kama mimi: "Kinande, Kihunde, Kinyarwanda. Na Kilingala iko, lakini ile habaiulize."

"Hizo si unasalimiaka tu? Hata mie nasalimiaka." Na kweli, maharagwe nayauza kwa lugha zote za soko. Najua ongeza, najua punguza, najua kusema hayakuoza, ni rangi yake.

"Ile iko bei, Mama. Haiko lugha."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kwangu kama angepandisha. Alinieleza taratibu kwamba mwaka ule shule ingewapa wanaomaliza karatasi yenye muhuri, ya kuthibitisha lugha ambazo mwanafunzi anazimudu kweli, na kwamba majina yangesomwa mbele ya wazazi. Na kwamba shule moja ya wauguzi ilikuwa imesema itamwekea nafasi moja atakayeleta muhuri huo ukiwa na Kifaransa, Kiswahili, na lugha tatu za milimani. Milima ilikuwa imeshuka yote mjini kwa sababu ya vita, wagonjwa walikuwa wanafika bila lugha ya hospitali, na wauguzi walikuwa wanatibu kwa kunyoosha kidole.

"Nafasi moja," akasema. "Na mu kalasi yetu, mwenye zote tatu iko mie peke yangu. Sasa Prefe amesoma fishi yangu. Amesema niko na mbili."

Halafu akaniuliza kama nakumbuka Kibati.

Nilikumbuka. Alikuwa na miaka tisa au kumi, wakati wakimbizi wamejaa kwenye hema kando ya barabara ya kaskazini, nami nilikuwa napeleka maharagwe kule. Nilimwacha alinde magunia. Niliporudi magunia yalikuwa peke yake, naye nikamkuta mbele ya hema ya wagonjwa, katikati ya muuguzi aliyeuliza kwa Kifaransa na mama mwenye mtoto mgongoni aliyejibu kwa lugha ya mlimani. Maneno yalikuwa yanapita kwake, yanaenda na kurudi, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye kama watu wazima wanavyotazama mtu mzima. Nilimvuta sikio. Nilimgombeza njia nzima kwa kuacha magunia. Magunia niliyahesabu mara mbili, hakuna lililopungua. Lakini lile nililolikuta pale hemani sikulihesabu hata mara moja.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisini kwa Prefe, mkuu wa shule.

Prefe alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa kiti, akasukuma mbele yangu rundo la fishi. "Mama, wanaomaliza iko thelathini na wanne. Wazazi thelathini na wawili wameandika Kifaransa na Kiswahili, basi. Kwa kufuatana na hizi karatasi, ile milima ya Masisi haiko mu dunia. Sijui hii maziwa tunakunywaka inatokeaka wapi."

"Papa Prefe, badilisha tu yangu. Iko kosa ya mukono."

"Kosa ya mukono na umepiga mikato?"

Alinieleza masharti. Fishi zimefungwa, lakini anayetaka lugha iongezwe alete shahidi aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo. Asiwe ndugu wala mwalimu. Aje mwenyewe Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kugawa bulletin za matokeo, akae kwenye kiti, azungumze na mtoto mbele ya jury, yaani watahini, kisha atie sahihi.

"Nilete mutu mumoja anajua mbili?"

"Mumoja mumoja."

"Shahidi aandike barua?"

"Aje na mudomo yake."

"Hata kwa ile ya mwisho haupunguze?"

"Mama, hapa haiko soko."

Nilitoka bila kupunguziwa hata shahidi mmoja. Tangu nianze biashara haijawahi kunitokea.

Wa Kinande hakunisumbua. Alikuwa shofere kutoka Butembo ambaye ndiye aliyeniletea maharagwe, mtu wa kelele, anayependa kusikilizwa. "Nitakuya," akasema, "nione kama huyu mutoto anajua Kinande ama anajua kucheka tu."

Wa Kihunde alikuwa muzee aliyeshona magunia yaliyopasuka, nyuma ya meza yangu sokoni. Huyu tulikuwa tumelala naye nyumba moja. Vita vilipowatoa Masisi alifika kwetu na mkewe na ukoo wake, watu kumi na mmoja, wakakaa sebuleni kwetu miezi saba, binti yangu akiwa bado mdogo. Kwetu tulikuwa na Kiswahili peke yake. Baba yangu alikileta kutoka Maniema pamoja na biashara, na hakuruhusu kingine kivuke mlango. Nakumbuka nilivyohesabu mikeka, sahani, blanketi. Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Nilipomweleza muzee shida yangu alikata uzi kwa meno, akauliza saa tu.

Wa Kinyarwanda ndiye niliyemwacha mwisho, kama mtu anavyoacha gunia zito.

Alikuwa mama aliyeuza fromaji, jibini za Masisi, zile za mviringo, meza ya nne kutoka kwangu. Tulikuwa tumeuza pamoja miaka minane. Niliinama karibu naye, nikamweleza kwa sauti ndogo. Alinisikiliza huku anafuta kisu chake.

"Hapa soko umenisikia nasema nini?"

"Kiswahili."

"Miaka ngapi?"

"Minane."

"Na unataka nisimame mbele ya bazazi bote, niseme niko mutoto wa lugha gani, na niandike." Akaweka kisu chini. "Weye mwenyewe mu ile fishi uliandika ngapi?"

"Mbili."

"Basi."

Nimegombania bei na Wanande, na wake za makomanda wa kambi ya Katindo, na watawa. Kila mtu ana mahali anapolegea. Kwa huyu nilitafuta pa kuanzia nikapakosa, kwa sababu maneno yake yalikuwa yangu. Nikamtajia siku na saa, nisionekane nimekimbia, nikanunua fromaji moja ambayo sikuihitaji, nikarudi kwenye maharagwe yangu. Nyumbani nikamwambia binti yangu kwamba nimepata mashahidi wawili. Alihesabu, akatikisa kichwa polepole, akaendelea kumenya viazi.

Jumamosi ile darasa lilijaa. Kwa bulletin mzazi lazima aje mwenyewe, hivyo mabenchi yalikuwa na watu watano watano mahali pa wanafunzi watatu, na wengine wamesimama ukutani. Mbele walikuwa Prefe, mwalimu wa Kifaransa, na mama mmoja wa shule ya wauguzi aliyevaa koti jeupe na kushika kalamu bila kuandika kitu. Katikati kulikuwa na viti viwili vinavyotazamana.

Wanafunzi wachache walipita kwa lugha moja moja. Kisha binti yangu akaitwa.

Shofere alikaa kwa kishindo, akaanza kusema Kinande kwa kasi ya mtu anayeshuka mlima bila breki. Alifanya kusudi. Binti yangu alimsubiri afike chini, akajibu kwa kasi ile ile. Shofere akauliza tena. Akajibiwa, tena akaulizwa yeye, na hapo nikaona uso wa shofere unabadilika, anajitetea, anaonesha mikono. Wanande waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakaanza kucheka. Alipogeukia jury jasho lilikuwa linamtoka.

"Anajua. Andikeni. Ananiuliza juu ya nini maharagwe ya mama yake ilichelewa siku nne, na uongo wote niko nasema anaukatala na mambo ya barabara. Huyu alijifunzia wapi?"

"Kwa robine," binti yangu akasema. "Mustari ya maji inakuwaka murefu."

Miaka yote ile nilidhani anaenda kuchota maji. Nilikuwa nikihesabu bidoni zinazorudi.

Muzee wa magunia alikaa taratibu, akavua kofia. Alisema kitu kifupi kwa Kihunde. Binti yangu akaanza kujibu, na sauti yake ikashuka, ikawa nzito kidogo na ya pole, na mwishoni mwa kila sentensi alikuwa anavuta pumzi ndani, fya, kama mtu aliyeonja chai ya moto. Mimi Kihunde ninajua hesabu tu. Lakini ile pumzi niliifahamu. Ilikuwa sebuleni kwangu miezi saba.

Muzee alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza swali la pili. Alimgeukia Prefe akasema kwa Kiswahili, "Ile iko Kihunde ya muke yangu. Si ya mutu mwengine. Hata kijiji yao inasikilika." Akatia sahihi pale alipooneshwa, akavaa kofia, lakini hakwenda kukaa. Alisimama pembeni ya kiti kama mtu anayetaka kusikia zaidi.

Nikabaki na gunia langu zito. Kiti kilikuwa kitupu.

"Shahidi ya Kinyarwanda?" Prefe akauliza, akanitazama.

Mama wa koti jeupe alitazama karatasi yake, akatazama mlango. Prefe alivua miwani. "Bila shahidi siwezi kuandika," akasema, na nilisikia kwamba angependa kusema kingine.

Binti yangu hakuinuka. Aliugeuza mwili wake wote ukakielekea kile kiti, akainama kidogo, kama mtu anayezungumza na mgonjwa aliyelala, akasema, "Urababara he?"

Hayo niliyaelewa. Unaumwa wapi.

Kiti hakikujibu. Alingoja muda ule ule ambao angemngoja mgonjwa. Akauliza tena kwa sauti ya chini zaidi, akaongeza maneno mengine nisiyoyajua, ya kubembeleza, mkono wake ukiwa umewekwa hewani mahali ambapo bega la mtu lingekuwa. Hakuna aliyecheka. Darasa zima lilikuwa linatazama viatu vyake. Nilijua kile kimya. Ndicho tulichokifanya kwenye avenue mbele ya daftari.

Kutoka benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya mwanamke ikasema, "Ivi."

Goti.

Alikuwa mama wa fromaji, kapu lake mapajani, limefunikwa majani. Sikumwona akiingia. Binti yangu akamgeukia bila haraka, kana kwamba mgonjwa amehamia tu kitanda kingine, akamuuliza kitu. Yule mama akajibu kwa neno moja. Akaulizwa tena, akajibu kwa maneno matano. Kisha yakamtoka mengi, na mikono ikaanza kuonesha mlima, mzigo, mahali alipoanguka. Miaka minane nilikuwa nimemfahamu mtu wa maneno machache. Kumbe uchache ulikuwa wa Kiswahili chake. Katika lugha yake alikuwa na mengi, na mwisho wa maelezo yake watu wanne walicheka pamoja, kisha wakagutuka kwamba wamecheka, maana kucheka kulikuwa kumewataja.

Halafu yule bwana anayeuza kadi za simu kwenye pembe ya avenue yetu, ambaye ningeapa mbele ya hakimu yeyote kwamba hajui lugha isipokuwa Kiswahili na matusi, akainua mkono kama mwanafunzi. "Mugongo," akasema, na akaeleza mgongo wake kwa Kinyarwanda safi mpaka mama mmoja wa benchi la tatu akamkatiza, na yeye akataja meno. Binti yangu alikuwa anamwuliza kila mmoja, anarudi kwa aliyetangulia, anawapanga foleni.

Nikaanza kuhesabu waliosema. Nilipata kumi na mmoja. Nikarudia, kama kawaida yangu, nikapata kumi na wanne. Sikuwa nimekosea mara ya kwanza. Watatu walikuwa wameongezeka nikiwa ninahesabu.

Prefe alikuwa ameacha kuandika. Mama wa koti jeupe alikuwa ameweka kalamu chini na kusogeza kiti chake mbele. Nami nilisimama pale nikimtazama mtoto niliyemzaa, niliyemnyonyesha na kumvuta sikio, akipita kati ya watu wazima na kuwafungua mmoja mmoja kwa swali la maneno mawili, na nilihisi ninachohisi nikisimama nje alfajiri na mlima Nyiragongo hauna wingu: kwamba kitu hiki kilikuwa hapa siku zote, na mimi nilikuwa nimekipa mgongo nikipanga meza.

"Sasa nani anatia sahihi?" Prefe akauliza.

Kelele ikakatika. Kusema kunapita na upepo. Karatasi inabaki. Wote kumi na wanne wakaona kitu cha kutazama sakafuni.

Mama wa fromaji akainuka, akaja mbele akichechemea, akauliza kwa Kiswahili, wote wasikie, "Hii karatasi inaenda wapi?"

"Moja kwa shule ya wauguzi," Prefe akasema. "Ingine inabakia hapa."

"Mu kabati gani?"

Prefe akamwonesha.

"Ufunguo iko na nani?"

"Na mie."

"Na siku utaondoka?"

Prefe alifikiri. Angeweza kumjibu chochote. "Sijui, Mama," akasema.

Yule mama alilitazama kabati, akamtazama Prefe, kwa kitambo kirefu. Nimeona watu wakipima bei ya ng'ombe, ya shamba, ya posa. Sijawahi kuona mtu akipima hivyo, na hakukuwa na kitu cha kumpunguzia. Kisha akachukua kalamu. Aliandika jina lake lote, la kwanza na la nyumbani, na chini yake, bila kuombwa, akaandika jina la mlima alikozaliwa.

Mama wa koti jeupe akaivuta karatasi, akaisoma, akaandika kitu pembeni. "Jumatatu aje na picha mbili," akaniambia.

Bwana wa kadi za simu alikuwa amefika mezani. "Pale chini kuko nafasi?"

"Sahihi moja inatosha, Papa," Prefe akasema.

"Sikuuliza kama inatosha."

Nyuma yake watu wawili walikuwa wamesimama. Nikamtafuta binti yangu nimpe mkono, au nimwombe radhi, sikuwa nimeamua ni lipi. Alikuwa nyuma kule, amechuchumaa mbele ya benchi, amelishika goti la mama wa fromaji, aliyekuwa amerudi kukaa, kwa mikono miwili, analibonyeza hapa na pale, anauliza. Mtihani ulikuwa umekwisha. Yeye alikuwa anataka kujua. Yule mama alikuwa amefumba macho, anamjibu polepole kwa lugha yao, nami sikuelewa hata neno. Nikaegemea ukuta na mkoba wangu, nikangoja wamalize. Hawakuwa na haraka.